Zile Rimu za Kumi na Saba

Rajabu, ndugu yangu wa Makina,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumtakia mwenzako afya njema, halafu unamwambia wewe pia u mzima. Nimekaa na kalamu hii tangu chai ya asubuhi, nikaona nusu ya kwanza haikufai tena, na nusu ya pili si kweli sana, maana mgongo wangu umerudia vituko vyake. Wacha nianzie pale tulipoachia basi. Kwenye gari.

Akinyi ndiye aliyenituma nikuandikie. Anasema siku hizi naongea peke yangu chini ya magari ya watu. Juzi mteja aliniuliza, "Fundi, unaniambia mimi?" Nikamjibu hapana, naongea na Rajabu. Jamaa akainama kuchungulia chini, aone kama tuko wawili huko. Akinyi alipopata hiyo habari akasema, "Odhiambo, mwandikie huyo mtu umalizane naye, kabla hawajapeleka magari yao kwingine." Unamjua mke wangu. Huruma yake hupitia jikoni kwanza, ikahesabu sufuria, ndipo itoke nje.

Najua una swali moja tu, na ungeliuliza hata kabla ya kuniuliza habari za watoto. Je, Zainabu alitoka langoni kwako akiwa ndani ya lile gari, kama ulivyotaka? Na lile gari lilikuwa limevaa nini miguuni? Nitakujibu. Lakini nitakujibu kwa mpangilio wangu mimi, kwa sababu safari hii huwezi kunikatiza.

Wajua bado nacheka nikikumbuka siku ulipolileta hapa gereji kwangu, mtaa wa Kongo, mara ya kwanza. Kawangware nzima ilisimama. Fundi cherehani wa Makina kule Kibera, mtu wa kanzu na kofia, duka lake mteja mmoja akiingia mwingine lazima atoke, ameshuka kwenye saluni nyeupe ya milango minne, ya kukimbia, ile ya chini chini yenye kibawa nyuma kwenye buti. Mzungu aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyekuuzia. Mwenye ploti wangu alitoka nje na kikombe mkononi, akalizunguka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mteja wako anashona nguo au anaiba?" Wewe ulisikia. Ukamwambia, "Mzee, nimeshonea watu wote hapa Nairobi. Hii nimejishonea mimi mwenyewe."

Lakini lilikuwa na rimu za chuma, zile za kawaida, na vifuniko vya plastiki ambavyo viwili vilikuwa vimeshapotelea njiani. Ulisema ni kama mtu aliyevaa suti ya harusi na patipati. Ukanipa kazi: nilitafutie viatu.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba mteja mgumu kuliko wote duniani ni fundi wa kazi nyingine. Wiki iliyofuata ulikuja na rimu nne juu ya mkokoteni, umezipata Grogan kwa wauza vipuri, zinang'aa kama meno ya mchungaji mgeni. Nikaziangalia, nikaangalia gari, nikakuambia, "Rajabu, hizi zina matundu manne. Gari lako lina nati tano." Ukaniangalia bila wasiwasi wowote. "Si utoboe moja hapo katikati? Mimi shati likikosa kishimo cha kifungo, huwa nalirudisha kiwandani?" Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi. Wewe hukucheka. Uliamini mpaka mwisho kwamba nilikuwa mvivu tu.

Zilipotoka hizo za matundu manne, macho yako yakapanda ukutani kwangu, pale nilipokuwa nimezifunga kwa waya rimu za inchi kumi na saba. Matundu matano. Spoku nyembamba, mdomo mpana, rangi ya fedha iliyofifia kidogo. Zilikuja kwenye kontena la vyuma vya Japani na sikuwa nimepata gari la kuzivaa. Ukasema, "Hizo." Nikasema hapana. Ukasema, "Nimesema hizo." Na tangu siku hiyo, Rajabu, kila Ijumaa baada ya sala ulikuwa ukiingia hapa, unaketi kwenye kile kiti cha gari bovu, unaniambia neno hilo moja, na mimi nakupa hotuba ileile.

Ulinilazimisha kuwa mwalimu. Nikakueleza kwamba rimu ikipanda, tairi lazima ipungue unene, ili gurudumu zima libaki kimo kilekile, la sivyo saa ya spidi itakudanganya. Hilo ulilielewa upesi kuliko vijana wangu. "Yaani mguu ukirefuka, soksi inafupishwa." Nikasema ndivyo. Nikakueleza kwamba tundu la katikati la zile rimu lilikuwa kubwa kuliko kitovu cha gari lako, kwamba usukani ungetetemeka barabara kuu, na kwamba ingebidi nichongeshe pete za kujazia. Ukasema, "Chongesha." Lakini tukifika kwenye kina ndipo tulipokuwa tukigombana. Kuna rimu inayozama ndani ya gari na kuna rimu inayotokeza nje. Zile za kumi na saba zilikuwa pana na zilitokeza. Tairi yake ilisimama karibu kabisa na mdomo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, kiasi kwamba kidole changu hakikupita.

Ukaniambia, "Kwani hicho kidole chako ndicho kitakaa hapo?"

Nikakuambia gari likiwa tupu, sawa, zitapita. Lakini gari la Kibera halijawahi kuwa tupu. Likibeba watu nyuma litakaa chini, mdomo wa madigadi utashuka, na tairi itasagwa kama muhogo. Vijana wa siku hizi wanagonga ule mdomo kwa nyundo kuukunja, nikakuuliza nifanye hivyo? Ulisimama kama mtu aliyetukanwa. "Nyundo isiguse gari langu, Odhis. Isiguse." Haya. Nikakutafutia za inchi kumi na sita, nyembamba kidogo, zenye kuzama vizuri, za kijivu. Ulizitazama vile mtu hutazama uji. "Hizi ni za mwalimu mkuu," ukasema. Ukageuza kiti ukaangalia ukuta.

Ndiyo maana gari lilikaa kwangu muda wote ule juu ya mawe, bila miguu. Wewe hukutaka za kumi na sita, mimi nilikataa za kumi na saba, na sote wawili tulifikiri tuna wakati. Halafu posa ya Zainabu ikaja, kijana mwenyewe akiwa wa huku kwetu Kawangware, na ukapata silaha mpya. "Binti yangu atatoka langoni kwangu ndani ya gari langu, limevaa zile. Nimeshamwambia. Nimewaambia watu wote wa Makina. Sasa wewe kataa." Nikakujibu, "Na mashangazi zake watakaa wapi, juu ya paa?" Ukacheka. Ile ilikuwa Ijumaa yako ya mwisho hapa. Ningejua, ningekuongezea chai.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Habari ililetwa asubuhi na jirani yako, yule muuza makaa. Alisimama pale mlangoni na kofia yake, akasema, "Rajabu ametuacha alfajiri. Moyo." Akaondoka haraka, alikuwa na wengine wa kuwaambia. Nami nilibaki nimeshika spana.

Rajabu, mimi ni mtu wa Siaya. Kwetu mtu akifa, tunaanza kwa kukaa. Mwili unaenda mochari, ndugu wanapigiwa simu, kunakuwa na mikutano ya mchango kila jioni, watu wanabishana kuhusu jeneza, wengine wanakuja kutoka Mombasa na Kisumu, na wiki moja au mbili zinapita kabla hatujaanza safari ya nyumbani. Na siku ya safari, gari la marehemu mwenyewe, kama alikuwa nalo, huwa mbele ya msafara. Hiyo ndiyo heshima. Akili yangu ilikimbia huko moja kwa moja. Nimeishi na ninyi Wanubi miaka mingapi, nimekula pilau yenu kwenye misiba mingapi, lakini siku ile nilikuwa Mjaluo mtupu. Nilifikiri: Rajabu atatoka Makina nyuma ya gari lake, na halitatoka likiwa na zile za mwalimu mkuu.

Nikazishusha zile za kumi na saba ukutani.

Sijawahi kufanya kazi vizuri vile. Nilizisugua kwa mkono. Nilikimbia mwenyewe kwa jamaa wa mashine ya kuchonga, nikasimama juu ya kichwa chake mpaka pete za kujazia zikatoka laini. Nilifunga tairi, nikapima upepo mara mbili, nikakaza nati kwa mkono kwanza, moja hapa, nyingine mkabala wake, kama inavyotakiwa. Nikaliosha gari. Kisha nikaenda nyumbani nikaoga, nikavaa ile suti uliyonishonea, na nikaja. Lilikuwa zuri, ndugu yangu. Nakuambia ukweli ambao sikuwahi kukupa ukiwa hai: lilikuwa zuri sana. Watu wa soko la Toi waligeuka kulitazama, na mimi nikawa nawapungia mkono kidogo, kwa niaba yako.

Niliingia Makina jioni, polepole, taa zimewaka. Nikawaona wanaume wanarudi kwa miguu, wamevaa kofia, viatu vyao vina udongo mwekundu. Wakanipisha njia. Mwanzoni nilifikiri wanatoka msikitini.

Walikuwa wanatoka kukuzika.

Walikuosha asubuhi, wakakusalia, wakakubeba mabegani kwa zamu, mtu akitoka mwingine anaingia, mpaka makaburini. Hakuna aliyehitaji gari. Kwetu maiti hungoja watu. Kwenu watu ndio hukimbilia maiti, na nilijua hivyo, Rajabu, nilijua kama ninavyojua saizi ya spana kwa kuigusa. Dada yako, Bi Halima, alikuwa ameketi mlangoni na wanawake wengine. Alinitazama mimi na suti yangu, akalitazama gari, akasema tu, "Umechelewa, baba." Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu husema mvua imeanza.

Kwa hiyo sikukubeba. Bega langu halikuingia chini ya lile jeneza hata kwa hatua moja. Wakati wenzako wanabadilishana mabega, mimi nilikuwa Kawangware nasugua rimu. Nikilala hulifikiria hilo. Nikiamka nalikuta limeamka kabla yangu.

Nimekuja kukuona huko uliko. Zainabu alinionyesha. Mara ya kwanza nilipofika nilivua kofia yangu kama tunavyofanya kanisani, kumbe kila mtu aliyekuwa pale amevaa yake. Zainabu akaninong'oneza, "Anko, ivae." Nikaivaa. Nikajiambia Rajabu anacheka huko chini mpaka udongo unatikisika.

Sasa rudi nami siku ile ya msiba, kwa sababu kuna jambo lilitokea ambalo lina uhusiano na harusi. Giza lilipoanza, Bi Halima na wazee wengine watatu wa kike walitaka kufikishwa kwa ndugu zenu upande wa chini, kwenda kulala. Gari lililokuwepo ni hilo tu nililolileta. Wakaingia. Unawajua dada zako, Mungu amewajalia miili. Nilisikia gari likishuka kama mtu anayekaa baada ya shibe. Tukaenda vizuri mpaka kwenye lile shimo linalokata barabara, na hapo nyuma kukasikika krrrr, sauti ya kutia ganzi. Nikasimama. Tukaenda tena. Krrrr. Kwenye kiti cha nyuma, Bi Halima akasema, "Hili gari mbona linasaga meno? Nalo lina msiba?"

Ndivyo nilivyokuambia kila Ijumaa. Nilikuwa nimesema kweli, kuanzia kidole mpaka madigadi. Na sikupata hata chembe ya raha.

Miezi ikapita, harusi haikuahirishwa. Ulishasema isiahirishwe lolote litokee, nao wakakutii. Zainabu akaja hapa kwangu mwenyewe. Amechukua duka, sijui kama unajua. Anakaa kwenye cherehani yako, ameweka mto kwenye kiti kwa sababu ni mfupi, na anawagombeza wateja kwa maneno yako yaleyale. Alipoingia hapa alikikwepa kile kiti chako, akasimama. Akasema, "Anko Odhis, Baba alisema nitatoka na zile. Sitaki kitu kingine cha harusi hii. Nguo hata nikivaa ya kuazima, sawa. Lakini zile, zile alizisema yeye."

Unaona uliniacha na nini?

Nilijaribu kumzunguka. Nikamwambia labda wakae wawili tu nyuma. Tukaenda Makina tukaongea na mashangazi. Bi Halima aliweka mkono kiunoni. "Mimi ndiye nilimpokea huyu mtoto siku aliyozaliwa. Ni nani hapa anashuka? Mwambie fundi ashuke yeye, gari liende." Wale wengine wakakubaliana kwamba huo ni ushauri mzuri. Nikafikiria nyundo, Rajabu. Naapa niliishika. Nilisimama nayo karibu na lile digadi jeupe la nyuma, nikaona sura yako imesimama pale kwenye rangi. Nikairudisha sandukuni.

Ikabidi nimwonyeshe. Alipokuja tena, nilifungua gurudumu la nyuma, nikaligeuza kwenye mwanga. Pale begani mwa tairi mpira ulikuwa umekatwa mstari mzima, na ndani yake zilianza kuonekana zile nyuzi. Safari moja tu ile ya mashangazi. Akachuchumaa, akapitisha kidole, akavuta uzi mmoja mdogo uliokuwa umechomoza. Msichana huyu amezaliwa kwenye nyuzi, sikuhitaji kumweleza maana yake. Halafu akasema, "Baba alikuwa akimpima mtu suruali, lazima amwambie akae kwanza. Wateja walikuwa wanakasirika. Anawaambia, akisimama, kila mtu ni mwembamba."

Nikamwambia hata mimi alinikalisha, kwa ile suti, na aliyoyasema kuhusu tumbo langu sitayarudia mbele ya bibi harusi.

Akacheka. Kisha akalia, palepale, ameshika tairi. Nikasimama kando nikijifanya natafuta jeki, ambayo ilikuwa mbele yangu. Alipomaliza akajifuta akasema, "Hawa mashangazi wakae. Weka zile nyingine." Na mimi badala ya kushukuru, nilisikia kama nimekuuza.

Ndilo jibu lako hilo. Zainabu alitoka langoni kwako ndani ya gari lako, na gari lilikuwa limevaa za kumi na sita. Za mwalimu mkuu. Nisamehe au usinisamehe, lakini usimlaumu yeye.

Nikueleze na lenyewe lilivyokuwa. Mimi ndiye niliyeendesha. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwako, vigelegele mpaka nikasahau gia. Kulikuwa na wazee walioomba dua, na jina lako likatajwa, na kila mtu akatazama chini. Zainabu akaingizwa katikati, shangazi wawili kila upande, vitambaa vimejaa mpaka kwenye kioo changu. Pale nje vijana wa mtaa walikuwa wamejipanga kusubiri gari, kwa sababu ulikuwa umetangaza, ndugu yangu, ulikuwa umetangaza kama redio. Mmoja akaita, "Mzee, niaje! Ziko wapi zile rimu alizosema Rajabu?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Niliendelea kutazama mbele.

Tulipita lile shimo. Nilikuwa nimebana meno, masikio yote mawili yako nyuma. Gari likashuka, likainuka. Kimya. Hakuna kitu kilichogusa kitu. Ingekuwa kazi ya mtu mwingine yeyote ningejipongeza. Mimi nilisikia tu jinsi pale pembeni yangu, kwenye kiti cha mbele, palivyokuwa patupu. Hakuna aliyekubali kukaa hapo. Walibanana wote nyuma.

Tulipotokea Barabara ya Ngong, palikuwa wazi. Unajua ile sehemu, magari yakipungua. Nikasikia kidole kinanigusa begani. "Anko." Nikasema, naam, bibi harusi. "Kanyaga kidogo."

Shangazi mmoja akasema, "Kanyaga nini?"

"Baba hajawahi kulikanyaga. Anko, kanyaga."

Nikamtazama kwenye kioo. Shela imefunika nusu ya uso, lakini jicho lile moja nililifahamu, ni lile lako la kila Ijumaa. Basi nikashusha gia, nikakanyaga. Rajabu! Lile gari liliamka. Lilikaa chini, likashika barabara kwa magurudumu yote manne, usukani umetulia mkononi mwangu kama kikombe mezani, na nyuma kwangu wanawake wanne wenye heshima zao wanamtaja Mwenyezi Mungu kwa majina yote wanayoyajua, Bi Halima anapiga kiti changu, "We Mjaluo utatuua! We Mjaluo!" na katikati yao mtoto wako anacheka kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uende. Haikuwa mbali. Labda kutoka mti hadi mti. Nikapunguza, tukaingia Kawangware kama watu wenye adabu, na Bi Halima akanishukia mlangoni kwa bwana harusi akisema hatapanda tena gari langu. Jioni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Sasa nikwambie ninachojutia hasa, halafu nikuache upumzike. Nilikuwa sawa kuhusu mashangazi. Lakini wewe hukuwa shangazi. Wewe ulikuwa mtu mmoja mwembamba wa cherehani. Ukiwa peke yako ndani, zile rimu zingepita bila kugusa popote, na mimi niliijua hiyo tangu Ijumaa ya kwanza. Nilikuwa nikikupimia gari lililojaa watu ambao hawajaja, na wewe ulikuwa umekaa pale mbele yangu, mzima. Ningekufungia zile kwa Jumapili moja tu. Ungekwenda nalo mpaka Karen na kurudi, mkono mmoja dirishani, ukanitukana njia nzima kwa kukuchelewesha. Jumatatu ningezitoa. Hakuna sheria ya ufundi ingevunjika. Ni sisi tu hatukuwaza hivyo. Wewe ulitaka ziwe za milele, mimi nilitaka ziwe salama kwa kila mtu, na Jumapili ikapita kati yetu bila kumwamkia yeyote.

Mabadiliko mengine ni madogo. Mwenye ploti ameweka geti jipya, linalia kuliko la zamani. Akinyi anakusalimu, anasema kanzu ya mwisho uliyomshonea kaka yake imerudi ikawa fupi baada ya kufuliwa na alitaka kukulalamikia. Na mkwe wako ni kijana mzuri, mpole, hajui gari hata kidogo. Aliniuliza kwa nini turbo haiwekewi maji. Ungemchukia kwa wiki moja, halafu ungemshonea shati.

Zainabu yeye ameniomba nimfundishe kuendesha. Tumeanza, uwanjani, asubuhi kabla ya kazi. Anakaza usukani kama kamba ya ng'ombe anayetaka kutoroka, na akikosea ananilaumu mimi, hilo alirithi. Lakini miguu yake ni myepesi, amezoea kanyagio la cherehani. Klachi aliijua siku ya kwanza.

Kwa hiyo sikia ahadi yangu, na hii sitaichelewesha. Zile za kumi na saba siziuzi. Wameshaziulizia wengi, nawaambia zina mwenyewe. Nimeshapata tairi nyingine ya nyuma badala ya ile iliyokatwa. Siku Zainabu atakapopata leseni yake, Jumapili itakayofuata, nitazishusha ukutani, nitazisugua, nitafunga nati moja hapa na nyingine mkabala wake, na nitampa ufunguo aende peke yake. Bila mume, bila shangazi hata mmoja, bila mimi. Nitakaa kwenye kile kiti chako kibovu nimsubiri arudi.

Lala vizuri, Rajabu. Udongo wa Kibera usikulemee.

Mimi mvivu wako,
Odhiambo